Upande A Uliochakaa

Kanda ilikuwa chini kabisa ya sanduku la mbao, imefunikwa na kanga mbili kuukuu na kitabu cha picha za harusi ambacho gundi yake ilikuwa imekwisha nguvu. Shangazi yangu, anayeishi katika mojawapo ya yale majengo marefu ya Michenzani, hapa Zanzibar, alikuwa ameniita nimsaidie kuhamisha vitu kabla mafundi wa rangi hawajaingia, nami nilikuwa nimefika mahali ambapo kazi ya kupanga hugeuka kuwa kazi ya kupekua. Nililitambua kasha lake kabla sijasoma maandishi: miraba minne, mwekundu, wa kijani, wa buluu na wa manjano, na ndani ya kila mmoja uso uliochorwa kwa mistari michache. Ilikuwa Hot Space, albamu ya mwaka 1982 ya Queen, bendi ya roki ya Uingereza.

Nilicheka. Katika makala niliyoandika hapa miaka miwili iliyopita, ya kumwelekeza msomaji mgeni aanzie wapi kuisikiliza Queen, albamu hiyo niliipa sentensi moja tu: "Hot Space unaweza kuiruka."

Redio kaseti ya shangazi bado inafanya kazi. Niliitia kanda kwa Upande B, ule unaomalizikia na "Under Pressure", kwa kuwa niliamini kwamba yeyote aliyewahi kuimiliki kanda hiyo aliitaka kwa ajili ya wimbo huo mmoja. Sauti ilitoka kali na safi. Nikageuza. Upande A ulitoka umefifia, matarumbeta yakilia kama yanayopigwa nyuma ya pazia zito, na maandishi ya upande huo yalikuwa yamefutika kwa vidole hata herufi hazisomeki. Katikati ya wimbo wa tatu, "Back Chat", sauti ilipotea kwa kitambo kisha ikarudi: hapo kanda iliwahi kukatika na kuungwa kwa selotepu. Na kwa kuwa pande mbili za kaseti ni utepe mmoja, jeraha hilo hilo limetokeza upande wa pili, ndani ya "Las Palabras de Amor", wimbo ambao haukuwa na hatia yoyote.

"Huo ndio upande wa kuchezea," shangazi alisema kutoka jikoni, bila kuulizwa. "Huo mwengine wa kukaa."

Ni wiki saba sasa, na maneno hayo bado hayajaniacha.

## Sentensi moja

Ningependa kusema kwamba nilipoiandika ile sentensi nilikuwa nimeisikiliza albamu mara kumi na kuipima kwa haki. Sikufanya hivyo. Niliisikiliza mara moja, nikiwa ndani ya boti ya kwenda Dar es Salaam, bahari imechafuka, na nadhani nilisinzia kabla ya wimbo wa sita. Hukumu nilikuwa nayo tayari. Nilikuwa nimeikuta katika orodha nyingi za kuzipanga albamu za Queen kutoka bora hadi duni, ambamo Hot Space hukaa mkiani au jirani na mkia, na sasa nina shaka kwamba wengi wa walioziandika orodha hizo waliirithi hukumu kutoka kwa wenzao kama mimi nilivyoirithi kwao.

Kuna msemo unaotumika sana katika habari za muziki: albamu imepokewa kwa maoni mseto. Ni msemo mvivu. Unatuambia kwamba mchuzi una ladha mbili lakini hautuambii nani alitia nini. Nilipoanza kufuatilia namna Hot Space ilivyopokewa, jambo la kwanza lililonishangaza ni kwamba wahakiki hawakuwa ndio waliokasirika zaidi, na kwa bendi hii hilo lilikuwa ajabu, kwa sababu kwa miaka kadhaa wahakiki walikuwa hawajaificha chuki yao. Mwaka 1977 gazeti la NME la Uingereza lilichapisha mahojiano na mwimbaji wao, Freddie Mercury, chini ya kichwa cha habari kilichouliza kama mtu huyu ni mpumbavu, na mwaka 1979 Dave Marsh wa jarida la Rolling Stone, akiihakiki albamu ya Jazz, alifika umbali wa kusema kwamba huenda Queen ndiyo bendi ya kwanza ya roki iliyo ya kifashisti kwelikweli. Hot Space haikutukanwa kiasi hicho. Baadhi ya magazeti ya muziki ya Uingereza yaliusifu utayarishaji wake, baadhi ya waandishi waliona kwamba Queen wamejizuia kupamba mno, wengine hawakushawishika.

Hasira yenyewe ilitoka kwingine.

## Chini ya jengo, Munich

Tuanze na walichokifanya. The Game, albamu yao ya 1980, ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza Uingereza na Marekani, na ndani yake kulikuwa na "Another One Bites the Dust" wa mpiga besi John Deacon, uliojengwa juu ya mstari wa besi ulio ndugu wa damu wa ule wa "Good Times" wa kundi la Chic. Wimbo huo ulifika kileleni Marekani mwezi Oktoba 1980. Waliporudi studio wakauchukua mlango huo mdogo na kuamua kuupanua hadi nyumba nzima ipite.

Walirekodi Montreux, Uswisi, na katika studio za Musicland, chini ya jengo refu la Arabella mjini Munich, wakiwa na mtayarishaji Reinhold Mack. Wenyewe walikuja kusimulia kwamba mji ule uliwameza: usiku vilabuni, mchana usingizi, na mara nyingi wanne hao hawakuwa chumba kimoja kwa wakati mmoja. "Staying Power", unaofungua albamu, hauna gitaa la besi. Mercury aliipiga besi kwa sinthesaiza, yaani kinanda cha umeme, na matarumbeta yalipangwa na Arif Mardin, mzaliwa wa Istanbul aliyewatayarishia Aretha Franklin na Bee Gees. Ndani ya "Body Language" gitaa linakaribia kutokuwepo. Hii ni bendi ambayo santuri zake za miaka ya sabini zilibeba tangazo kwamba hazina sinthesaiza ndani yake, na ambayo mpiga gitaa wake, Brian May, alilitengeneza gitaa lake kwa mikono akisaidiana na baba yake, shingo ya gitaa hilo ikitokana na mbao ya meko ya zamani. Kumwambia mtu wa namna hiyo aketi pembeni hakukuwa jambo dogo.

Hakuketi kwa hiari. "Back Chat" ni wimbo wa Deacon, naye hakutaka uwe na solo ya gitaa. May akabishana naye hadi solo ikaingia. Nimeusikiliza mara nyingi wiki hizi, na kila solo hiyo inapofika, fupi na yenye makali, nauona ubishi wenyewe umerekodiwa. Si ajabu kwamba ndio wimbo bora wa upande ule.

Na ndio ambao kanda ya shangazi ilikatikia.

## Nani aliyekasirika

Waliokasirika ni mashabiki, hasa wale wa Marekani. Nchini Uingereza albamu ilifika nafasi ya 4, si haba, lakini Marekani iliishia ya 22, chini sana ya pale The Game ilipokaa miaka miwili kabla. "Body Language" ulifika nafasi ya 11 Marekani na ya 25 tu Uingereza, huku "Back Chat" ukikomea ya 40 Uingereza. Katika ziara ya mwaka ule nyimbo mpya zilipokewa kwa ubaridi kiasi kwamba Mercury alilazimika kuwahakikishia watazamaji kuwa bendi haijaipoteza roki yake, kwamba hii ni rekodi tu, na kwamba watu hupandwa na mori kwa mambo haya bila sababu. Sehemu ya Marekani ya ziara hiyo ilimalizika mwezi Septemba, ukumbini The Forum huko Inglewood, California. Queen hawakufanya tena ziara nchini humo Mercury akiwa hai.

Nilipofika hapo nilidhani nimepata jibu, na nilianza kuiandika makala tofauti kabisa na hii.

Jibu lenyewe lilikuwa hivi. Tarehe 12 Julai 1979, katika uwanja wa besiboli wa Comiskey Park mjini Chicago, mtangazaji wa redio Steve Dahl alilipua shehena ya santuri za disko katikati ya michezo miwili. Maelfu ya watu wakaingia uwanjani, na mchezo wa pili haukuchezwa. Disko ulikuwa muziki uliokuzwa vilabuni na watu weusi, Walatino na wapenzi wa jinsia moja, na wengi waliouandika usiku ule baadaye wameona kwamba kilicholipuliwa kilikuwa zaidi ya plastiki. Mwaka uliofuata, Mercury alipofuga masharubu na kukata nywele, mashabiki wa Marekani walimrushia viwembe jukwaani. Kisha ikaja video ya "Body Language", yenye ngozi na jasho tupu, nayo MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, ikakataa kuirusha. Ukiviunganisha vitone hivi unapata picha nzuri mno: Hot Space haikukataliwa kwa sababu ya nyimbo, ilikataliwa kwa sababu ya miili iliyokuwa ikiialika kucheza.

Niliipenda nadharia hiyo. Ilinifanya nionekane mwenye huruma, na ilinipa njia ya kuomba radhi kwa ile sentensi bila kuisikiliza albamu.

## Nadharia inapasuka

Haikudumu wiki mbili.

Kwanza, tarehe. "Another One Bites the Dust" ulipanda kileleni Marekani zaidi ya mwaka mzima baada ya Chicago, tayari masharubu yapo, na walioununua ni pamoja na hao hao waliokuja kuisusa Hot Space. Pili, yaliyofuata. Novemba 1982, miezi sita tu baadaye, Michael Jackson alitoa Thriller, na mwaka 1983 David Bowie, yule yule aliyeimba nao "Under Pressure", alitoa Let's Dance akiwa na Nile Rodgers wa Chic kama mtayarishaji. Vijana waliodaiwa kuchukia muziki wa kuchezeka walizibeba albamu hizo hadi madukani zikaisha.

Brian May alikuja kusema kwamba kosa lilikuwa la wakati: kwamba walichokifanya kilikaribiana na alichokifanya Jackson, ila neno disko lilikuwa limekwisha kuwa tusi. Nimelitafakari sana. Wakati ni mshtakiwa anayewafaa wanamuziki, kwa kuwa hawezi kuja mahakamani kujitetea. Lakini miezi sita? Katika Thriller kuna "Beat It", na ndani ya "Beat It" kuna solo ya mpiga gitaa wa roki Eddie Van Halen. Jackson, mtu wa dansi, aliliendea gitaa la roki akaliomba liingie ndani. Queen, watu wa gitaa, waliingia kwenye dansi wakaliacha gitaa lao nje ya mlango, kisha wakaona aibu wakalirudishia upande wa pili.

Sisemi kwamba chuki haikuwepo. Ilikuwepo, na viwembe vile havikuwa mzaha. Ninachosema ni kwamba niliitumia chuki hiyo kama kisingizio cha kutoisikia albamu yenyewe, na albamu yenyewe ina mambo ya kujibu.

## Nilichokisikia

Basi nikaisikiliza. Si kwenye boti. Usiku, taa zimezimwa, mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

"Staying Power" ni wimbo mzuri uliovishwa nguo nyembamba. Nililijua hilo nilipoitazama video ya tamasha la Milton Keynes Bowl, Uingereza, la tarehe 5 Juni 1982, iliyotolewa rasmi mwaka 2004: pale Roger Taylor anapiga ngoma za kweli, gitaa lipo, na wimbo unakimbia kama mtu aliyevua viatu vinavyombana. Katika albamu, wimbo huo huo unatembea kwa hatua za mashine. Na hapa ndipo ninapopata kichaa kidogo kila nikiwaza. Bendi ilikuwa na mmoja wa wapiga besi waliolijua dansi kuliko wenzao wote wa roki wa Uingereza, mtu aliyekuwa amewapa wimbo wa nafasi ya kwanza Marekani kwa vidole vyake viwili, na walipoamua kutengeneza albamu ya dansi, wimbo wa ufunguzi hauna gitaa lake la besi!

"Dancer", wa May, unalipandisha gitaa zito juu ya besi ya sinthesaiza, na viwili hivyo vinakaa kama abiria wasiofahamiana. "Body Language" niliudharau, na sasa siudharau tena. Hauna kitu ndani isipokuwa besi, vidole vinavyokatwa na sauti ya mtu asiyeona haya, na utupu huo ndio ujasiri wake, ingawa baada ya dakika tatu ninaanza kutafuta dirisha. "Action This Day" ni mkavu na nitaendelea kuuruka bila dhamiri kunisuta.

Kisha unageuza, na jambo la ajabu linatokea. "Put Out the Fire" unaanza na gitaa la zamani, lile lile la miaka ya sabini, kana kwamba mtu ameingia mbio kuwaambia wageni kwamba yale ya kule ukumbini yalikuwa utani. Upo wimbo wa Mercury wa kumwomboleza John Lennon, aliyeuawa Desemba 1980. Upo "Las Palabras de Amor" wenye kiitikio chenye maneno ya Kihispania, baada ya bendi kupokewa kama wafalme Amerika Kusini mwaka 1981. Upo "Cool Cat", ambao Mercury anauimba wote kwa sauti nyembamba ya juu, na ambao nisingejua ulipo kama shangazi asingeitunza kanda. Mwisho kabisa, "Under Pressure", uliokwisha kutoka Oktoba 1981, ukashika nafasi ya kwanza Uingereza mwezi uliofuata, na kubandikwa hapa nusu mwaka baadaye.

Ninachokiona sasa si albamu mbovu. Ni albamu ambayo nusu yake ya pili inaomba radhi kwa ajili ya nusu ya kwanza. Mashabiki waliosema kwamba Queen wamekwenda mbali mno walikosea, kwa maoni yangu. Lakini waliosikia kusitasita humo ndani, hata kama hawakujua kulitaja, walisikia sawasawa. Ukishaamua kucheza mbele za watu, cheza. Wao walicheza dakika ishirini, wakaketi, wakaangalia nani anawacheka.

Huenda nina makosa. Rafiki yangu mmoja anayepiga kinanda anashikilia kwamba kila albamu ya Queen ina sura nyingi hivyo hivyo, kwamba wanne hao wote walikuwa watunzi na hawakuwahi kukubaliana, na kwamba ninaita woga kile ambacho katika albamu nyingine ninakiita upana. Sijapata jibu la kumridhisha.

## Taarabu ya kukaa

Maneno ya shangazi, ya kuchezea na ya kukaa, si maneno ya muziki wa Kizungu. Ni ya taarabu, na kila aliyekulia Zanzibar katika miaka ya tisini anajua yanakwenda wapi.

Marehemu baba yangu alikuwa mtu wa Ikhwani Safaa, klabu ya taarabu iliyoanzishwa mwaka 1905, ya fidla, kanuni, udi na nyimbo ndefu ambazo msikilizaji huzipokea akiwa ameketi, na akiguswa huinuka taratibu kwenda kutunza. East African Melody walipokuja na vinanda vyao vya umeme na kile watu walichokiita rusha roho, ambapo wanawake walijaa uwanjani wakicheza na mipasho ikiruka, baba alikuwa na sentensi yake moja aliyoirudia kila redio ilipofunguliwa: "Hiyo si taarabu, hiyo ni mashine." Nilikuwa kijana. Nilimwona mzee aliyeziba masikio kwa makusudi. Nilibishana naye, kwa adabu iliyokuwa ikipungua mwaka hadi mwaka, kwamba yeye hakuchukia sauti za kinanda bali alichukia kuwaona waliokuwa wakicheza.

Nilikuwa upande wa uwanja. Sijui ni lini nilihamia upande wa viti.

Maana tazama: "Hot Space unaweza kuiruka" ina urefu karibu sawa na "hiyo si taarabu, hiyo ni mashine", na ina uvivu ule ule. Lakini nikirudi nyuma nakiri jambo ambalo sikuwahi kumkiri baba. Hakukosea kabisa. Mara nyingi palipoingia vinanda, kanuni ilinyamaza, na watu waliojua kuipiga hawakuwa wengi hata hapo kabla. Alichokisikia kikipotea kilikuwa kikipotea kweli, ila alimlaumu mchezaji kwa hilo.

## Freddie wetu

Niliandike na hili, kwa kuwa najua nitaulizwa. Mercury alizaliwa Zanzibar tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, na familia yake iliondoka kwenda Uingereza mwaka 1964. Tangu 2019 ipo makumbusho yake Shangani, na wageni hupigana picha mlangoni. Mara kwa mara mtu huniomba nimwonyeshe Zanzibar iko wapi ndani ya nyimbo zake. Katika Hot Space haimo. Ipo Munich, ipo New York ya akina Mardin, ipo Amerika Kusini kidogo. Kumdai mtu kwa cheti cha kuzaliwa ni rahisi, na tumekuwa wepisi wa kumdai kwa nyimbo zile zile tano zinazopigwa kila mahali.

Shangazi hakumdai. Alipoipata kanda hakujua kabisa kwamba mwimbaji alizaliwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka mlangoni pake. Alikuja kulisikia hilo miaka mingi baadaye, Mercury amekwisha kufariki, na anasema alidhani anataniwa.

## Betri

Wiki iliyopita nilirudi Michenzani, rangi imekwisha kukauka, nikiwa na maswali niliyoyaandika kwenye karatasi kama mwanafunzi.

Kanda aliletewa na ami yangu aliyekuwa akifanya kazi Maskati, pamoja na sabuni, mafuta ya nywele na vitambaa, kwa kuwa miaka ile hapa madukani hapakuwa na kitu. Umeme ulikuwa wa kuja na kuondoka. Betri zilipatikana kwa kujuana, na zilipoishiwa nguvu zilianikwa juani dirishani ili zitoe nyimbo mbili zaidi. Alasiri wasichana wa ghorofa ile walikusanyika chumbani kwake, mlango umefungwa, wakacheza Upande A mwanzo hadi mwisho.

"Kisha mnageuza?" niliuliza.

"Tugeuze kwa nini? Tunarudisha."

Hapo nilisita, kwa sababu kugeuza kaseti ni bure lakini kuirudisha mwanzo kunakula betri. Akanionyesha alivyokuwa akifanya: kalamu ya wino ndani ya tundu la kaseti, mkono unazungusha, mwenzake anahesabu. Dakika ishirini na zaidi za utepe, kwa mkono, alasiri nzima, ili kuukwepa upande ule wenye "Under Pressure". Nimesoma mengi kuhusu albamu hii na sijakutana na uhakiki uliomgharimu mhakiki kiasi hicho.

Nilimweleza kwamba huo upande ambao hawakuupiga ndio unaosifiwa, na kwamba wimbo wake wa mwisho watu wengi wanauhesabu miongoni mwa nyimbo kubwa za karne iliyopita. Hakuonekana kutikisika. Aliniambia niuweke, basi, ausikie.

Nikapeleka kanda mbele hadi mwisho wa Upande B. Mstari wa besi wa Deacon ukaingia, ule ambao Vanilla Ice alikuja kuutumia mwaka 1990 na kila mtoto wa zama zangu akaujua kabla ya kumjua mwenyewe. Shangazi alisikiliza wote, mikono mapajani. Sauti za Bowie na Mercury zilipopanda pale mwisho alitikisa kichwa kidogo, na mguu wake wa kulia, niliutazama, ulikuwa ukipiga sakafu.

Wimbo ulipokwisha alikaa kimya kitambo.

"Sasa hii," alisema, "wameiweka huko mwisho kwa nini?"

Nikaanza kumweleza habari za Oktoba 1981, kwamba wimbo ulikuwa umekwisha kutoka peke yake na kwamba uliongezwa tu, lakini hakuwa akinisikiliza. Alikuwa ameitoa kanda na kuvuta droo ya meza kutafuta kalamu, ingawa umeme ulikuwepo.